NUKTA NDOGO, UZITO MKUBWA

Juma hili tunaweka kando sufuria na cherehani ili tuzungumze juu ya alama iliyo ndogo kuliko zote katika daftari la mtoto wa shule, nayo ni nukta ya desimali. Wazazi wengi huiachia shule jambo hili, wakidhani kwamba linamhusu mwalimu na ubao wake tu. Lakini nukta hiyo haikai shuleni. Imo katika mizani ya muuza mchele, katika utepe wa fundi cherehani, katika kipimajoto, katika cheti cha dawa ya mtoto na katika daftari la chama cha kuweka akiba. Mahali pote hapo, asiyeijua nukta hupunjwa, au huwapunja wenziwe pasipo kukusudia, na pengine huhatarisha afya ya mtoto aliye mikononi mwake.

Hakuna haja ya kuogopa. Elimu hii ni nyepesi kwa yeyote ajuaye kuhesabu hadi kumi, kwa maana yote imejengwa juu ya hiyo kumi. Mama aliyeacha shule mapema, na baba aliyesahau aliyofundishwa, wote wawili wanaweza kuipata kwa jioni moja, wakaketi na watoto wao mezani bila haya.

NAFASI YA TARAKIMU

Tuanze na lile tunalolijua. Katika namba 444 tarakimu ni ile ile moja, imeandikwa mara tatu, lakini thamani zake zinatofautiana. Nne ya kulia ni mamoja manne. Nne ya kati ni makumi manne, yaani arobaini. Nne ya kushoto ni mamia manne. Kila tunapohama nafasi moja kwenda kushoto, thamani huongezeka mara kumi; na kila tunapohama nafasi moja kwenda kulia, thamani hupungua, ikabaki sehemu moja tu ya kumi ya ile iliyotangulia.

Sasa tujiulize: tukifika kwenye mamoja, kwa nini tusimame? Hakuna sababu. Tukiendelea kwenda kulia kwa kanuni ile ile, baada ya mamoja tunapata sehemu za kumi, kisha sehemu za mia, kisha sehemu za elfu, na kuendelea. Kazi ya nukta ni kutuonyesha mamoja yanaishia wapi, basi. Yenyewe haina thamani, wala haibadili kanuni ya kumi.

Chukua utepe wa kupimia nguo uuone ukweli huu kwa macho. Meta moja ina desimeta 10, sentimeta 100 na milimeta 1,000. Mtoto mwenye kimo cha meta 1.274 ana meta moja nzima, desimeta mbili, sentimeta saba na milimeta nne. Tarakimu 2 iko katika nafasi ya sehemu za kumi, tarakimu 7 katika nafasi ya sehemu za mia, na tarakimu 4 katika nafasi ya sehemu za elfu. Mwanao akipata kuyaona hayo juu ya utepe, hatayasahau kama anavyosahau maneno aliyoyakariri tu.

Hapo sifuri nayo ina kazi yake. Neno lenyewe limetujia kutoka Kiarabu, na maana yake ni kitu kitupu. Hata hivyo, utupu huo hulinda nafasi isije ikachukuliwa na mwingine. Meta 1.05 ni meta moja na sentimeta tano. Meta 1.5 ni meta moja na sentimeta hamsini. Anayeiacha sifuri ile ya kati, akidhani kuwa haina maana, amekosea kwa sentimeta 45, na kitambaa kikishakatwa hakirudi. Kwa upande mwingine, sifuri zinazofuata mwishoni baada ya nukta haziongezi kitu: 1.5, 1.50 na 1.500 ni urefu ule ule.

KOSA WALIFANYALO WENGI

Muulize mtoto wa darasa la tano: katika 4.65 na 4.7, ipi ni kubwa? Wengi watajibu kwamba ni 4.65, kwa kuwa sitini na tano imeizidi saba. Watu wazima nao hunaswa na mtego huo huo sokoni. Kosa hili linatokana na kuzisoma tarakimu zilizo baada ya nukta kana kwamba ni namba nzima ya peke yake.

Dawa yake ni kulinganisha nafasi kwa nafasi, kuanzia kushoto. Mamoja yanalingana: nne na nne. Sehemu za kumi hazilingani: sita na saba. Saba imeizidi sita, basi shauri limekwisha, 4.7 ndiyo kubwa, wala hatuna haja ya kutazama tarakimu inayofuata. Mtoto akiwa bado na shaka, mwongezee sifuri ili nafasi zilingane: 4.65 na 4.70. Sasa ataona mwenyewe.

Vile vile, tuwazoeze watoto kusoma tarakimu za desimali mojamoja. Tuseme “nne nukta sita tano”, wala tusiseme “nne nukta sitini na tano”. Ni matamshi haya ya pili yanayompotosha mtoto, kwa maana sikio linasikia sitini mahali ambapo hakuna sitini. Fedha tu ndizo zina ruhusa ya kusomwa vingine, kwa sababu senti zimezoeleka kuhesabiwa kwa mia.

ILIKOTOKA ELIMU HII

Yafaa watoto wajue kwamba elimu hii haikushuka mara moja. Karne ya kumi, katika mji wa Damasko, mwanahesabu Abu al-Hasan al-Uqlidisi aliandika kitabu cha hesabu ambamo alitumia vipande vya kumi pamoja na alama ya kuvitenganisha na namba nzima. Mnamo mwaka 1427, huko Samarkand, Jamshid al-Kashi alikamilisha kitabu chake kikubwa cha hesabu, akazieleza desimali kwa utaratibu kamili. Katika Ulaya, aliyezieneza ni Simon Stevin, mzaliwa wa mji wa Brugge, aliyechapisha kijitabu kidogo mwaka 1585.

Stevin hakukiandika kijitabu hicho kwa ajili ya wataalamu peke yao. Alikielekeza kwa wapimaji wa ardhi, wapimaji wa nguo, wapimaji wa mvinyo na wafanyabiashara, akitaka kuwaondolea adha ya kujumlisha sehemu zenye asili tofauti. Kwa hiyo, tangu mwanzo desimali zilikuwa elimu ya soko na ya nyumba kama zilivyokuwa elimu ya darasa.

NUKTA AU MKATO?

Hapa kwetu lipo jambo moja linalotatiza, nasi hatuna budi kulieleza wazi. Shule zetu zimerithi utaratibu wa Kifaransa, na kwa hiyo watoto huandika mbili na nusu kwa mkato: 2,5. Jirani zetu wa Tanzania, Kenya na Uganda huiandika kwa nukta: 2.5, na mkato wao huutumia kutenga maelfu. Mfanyabiashara wa Kigoma akiandika kilo 1,500 anakusudia kilo elfu moja na mia tano. Aliyesomea Bujumbura au Uvira huenda akaisoma kuwa ni kilo moja na nusu. Na akiandika 1.500 kwa kutenga maelfu kwa nukta, mwenzake wa ng’ambo ya ziwa naye atapotea vivyo hivyo.

Hakuna upande unaokosea. Mwaka 2003, Mkutano Mkuu wa kimataifa wa Vipimo na Mizani ulikubali kwamba alama ya desimali inaweza kuwa nukta ama mkato, ukakumbusha kwamba namba ndefu hutengwa kwa nafasi tupu katika makundi ya tarakimu tatu tatu, bila nukta wala mkato. Basi anayefanya biashara ya kuvuka mpaka, na aandike 1 500 kwa kuacha nafasi, tena aandike na maneno kando yake: kilo elfu moja na mia tano. Wino wa maneno machache ni rahisi kuliko kesi. Katika ukurasa huu sisi tunatumia nukta kwa desimali na mkato kwa maelfu, kama ilivyo katika vitabu vingi vya Kiswahili.

CHETI CHA DAWA

Sasa tuje kwenye jambo zito kuliko yote. Mtoto ameugua, mama amerudi na dawa ya maji, na juu ya cheti imeandikwa mililita 2.5. Mwandiko ni wa haraka, nukta imefifia, au karatasi imelowa jasho mkononi. Mama anasoma 25. Nafasi moja tu imehama, na dawa imezidi mara kumi. Kipimo cha mtu mzima hakiwezi kuvumiliwa na mwili wa mtoto, licha ya kipimo kilichozidishwa mara kumi.

Kwa sababu hii, katika nchi nyingi waandikao vyeti vya dawa hufundishwa kanuni mbili. Ya kwanza: usiandike kamwe nukta isiyotanguliwa na tarakimu. Nusu iandikwe 0.5, isiandikwe .5, kwa maana nukta iliyo peke yake mbele haionekani, na msomaji ataona 5. Ya pili: usiweke sifuri ya ziada baada ya nukta. Tano iandikwe 5, isiandikwe 5.0, kwa maana nukta ikifutika itasomwa 50. Kanuni hizi zinaweza kutumika na nyumbani pia, wakati mama anapomwandikia dada wa nyumbani au bibi kipimo cha dawa kabla ya kwenda kazini.

Nanyi mnaopokea cheti, msione haya kuuliza. Semeni: “Daktari, ni mbili na nusu, au ni ishirini na tano?” Swali hilo halimvunjii mtu heshima. Pimeni kwa bomba dogo lisilo na sindano au kwa kikombe chenye alama za mililita, kwa kuwa vijiko vya jikoni havilingani. Kijiko cha chai cha kupimia dawa huhesabiwa kuwa mililita 5, lakini vijiko vilivyomo kabatini mwetu, kimoja huchukua zaidi na kingine pungufu.

Hadhari iyo hiyo ihitajiwe katika maji ya chumvi na sukari anayopewa mtoto anayeharisha. Pakiti ya zahanati ndiyo bora. Ikikosekana, kipimo kinachofundishwa ni lita 1 ya maji safi, vijiko 6 vya chai vya sukari na kijiko 0.5 cha chumvi, vyote vikiwa vimesawazishwa juu. Tazama ile 0.5. Anayeisoma tano atatengeneza maji yenye chumvi mara kumi, na chumvi nyingi ni hatari kubwa kwa mtoto aliyekwisha kupungukiwa na maji mwilini. Hapa ni salama zaidi kuandika kwa maneno: nusu kijiko. Na mtoto akizidi kulegea, akikataa kunywa au akiharisha damu, asicheleweshwe nyumbani, apelekwe zahanati.

KUKADIRIA NAMBA

Mara nyingi hatuhitaji tarakimu zote. Mizani ya kisasa huonyesha kilo 1.364, na mashine ya kuhesabia iliyomo katika simu huleta tarakimu nane au tisa baada ya nukta. Hapo tunaikadiria namba, yaani tunaipeleka kwenye namba fupi iliyo karibu nayo kuliko nyingine.

Kanuni yake ni hii. Kwanza, amua unataka kusimama katika nafasi gani. Pili, tazama tarakimu moja tu, ile inayofuata kulia kwa nafasi hiyo. Ikiwa ni 0, 1, 2, 3 au 4, acha tarakimu yako kama ilivyo. Ikiwa ni 5, 6, 7, 8 au 9, iongeze tarakimu yako moja. Tatu, ondoa zote zilizobaki kulia.

Basi 1.364 ikikadiriwa hadi sehemu za mia ni 1.36, kwa kuwa inayofuata ni 4. Ikikadiriwa hadi sehemu za kumi ni 1.4, kwa kuwa inayofuata ni 6. Ikikadiriwa hadi namba nzima ni 1, kwa kuwa inayofuata ni 3. Tarakimu yako ikiwa ni 9 na inahitaji kuongezwa, itakuwa kumi, nayo hupeleka moja kwa jirani wa kushoto: 3.98 hadi sehemu za kumi huwa 4.0. Sifuri ile tunaiacha, kwa maana inamwambia msomaji kwamba tulipima hadi sehemu za kumi. Katika vipimo sifuri hiyo ni shahidi. Katika cheti cha dawa, kama tulivyosema, ni hatari, na hapo huondolewa.

Jihadharini na jambo moja: kadirieni mara moja tu, kutoka katika namba ya asili. Chukua 2.446. Mtu akiikadiria kwanza hadi sehemu za mia atapata 2.45, akiikadiria tena hadi sehemu za kumi atapata 2.5. Lakini angalikwenda moja kwa moja, angalipata 2.4, ambayo ndiyo sahihi. Hatua ya katikati imeisukuma namba mahali isikostahili.

SOKONI NA KATIKA CHAMA

Tuseme mchele unauzwa faranga 3,500 kwa kilo. Mizani inaonyesha kilo 1.36, na bei yake halisi ni faranga 4,760. Muuzaji anasema, “Tuhesabu kilo moja nukta nne,” naye anadai 4,900. Tofauti ni faranga 140, na wengi wataona kuwa si neno. Lakini anayenunua hivyo kila siku kwa siku 30 ametoa faranga 4,200 bure, nazo zinapita bei ya kilo nzima ya mchele. Haba na haba hujaza kibaba, na kibaba hicho kimejaa nyumbani kwa mwingine.

Haki ya kukadiria ni kwamba mara hupanda na mara hushuka. Kilo 1.34 zikihesabiwa kuwa 1.3, muuzaji naye hupoteza. Kwa mauzo mengi, kupanda na kushuka huelekea kufidiana. Kukadiria kunakokwenda upande mmoja daima, huko hakuna fidia, bali hulimbikiza hasara.

Yaliyotokea Vancouver, nchini Kanada, ni ushahidi wake. Mnamo Januari 1982 soko la hisa la mji huo lilianzisha kipimo cha bei za hisa, likakipa namba 1,000 kuwa mwanzo. Kila bei ilipobadilika, kompyuta ilikokotoa upya, kisha ikakata tarakimu zote zilizopita sehemu za elfu, bila kuzikadiria. Kila mkato ulikuwa mdogo mno, lakini ulirudiwa maelfu ya mara kila siku, tena daima kwa kushuka. Ilipofika Novemba 1983, kipimo kilisomeka takriban 520, hali hesabu sahihi ilikuwa karibu 1,099. Nusu ya thamani ilikuwa imeyeyuka katika karatasi, wala hapakuwa na mwizi.

Katika vyama vyetu vya akiba jambo hili huvunja udugu. Akina mama saba wanagawana faranga 100,000. Mashine inasema kila mmoja apate 14,285.714 na kuendelea. Mweka hazina akikadiria hadi 14,286 kwa kila mtu, jumla inakuwa 100,002, na sanduku limepungukiwa na faranga mbili. Akikata hadi 14,285, jumla inakuwa 99,995, na faranga tano zimebaki bila mwenyewe. Fedha ni kidogo, lakini daftari halifungi, na daftari lisilofunga huzaa maneno, na maneno huzaa tuhuma. Mkiwa hamjapatana mapema, mwanamke mwaminifu atalala na jina la mwizi kwa ajili ya kipande cha desimali.

Basi patanani kabla ya kugawa, tena iandikwe katika daftari: watano watapata 14,286 na wawili 14,285, na safari ijayo zamu ibadilike, au faranga tano zinazobaki zirudi sandukuni. Hesabu zote mbili hufunga. Mali bila daftari hupotea bila habari.

MAHALI AMBAPO KANUNI HAITOSHI

Kukadiria kunahitaji akili pamoja na kanuni. Fundi ana kitambaa cha meta 11, na gauni moja huchukua meta 2.3. Akigawanya anapata 4.78, na kanuni inamwambia 5. Lakini magauni matano yanahitaji meta 11.5, nazo hana. Hapa sharti ashuke hadi 4. Kinyume chake, wageni 49 wanaokaa wanne wanne katika benchi wanahitaji mabenchi 12.25. Kanuni inasema 12, na mgeni mmoja atasimama arusini. Hapa sharti apande hadi 13. Mzazi amfundishe mtoto kuuliza kila mara: namba hii inahesabu nini?

Vile vile, tusikadirie pale penye mpaka unaoamua jambo. Shirika la Afya Duniani huhesabu kuwa mtoto anayezaliwa na uzito usiofika kilo 2.5 ana uzito mdogo, naye anahitaji uangalizi zaidi wa joto, wa kunyonya na wa maradhi. Mtoto amepimwa, naye ana kilo 2.46. Anayekadiria hadi sehemu za kumi ataandika 2.5, na kwa kalamu hiyo mtoto amevuka mpaka ambao mwili wake haujauvuka. Kwanza linganisha namba halisi na mpaka. Ukitaka kukadiria, fanya hivyo baadaye.

Hata serikali za watu zimejikwaa hapo. Katika jimbo la Schleswig-Holstein, Ujerumani, uchaguzi wa Aprili 1992 ulikuwa na sheria kwamba chama kipate walau asilimia 5 ya kura ili kigawiwe viti. Chama cha Kijani kilipata asilimia 4.97. Kompyuta ilichapisha tarakimu moja tu baada ya nukta, karatasi ikasema 5.0, na chama kikahesabiwa kuwa kimeingia bungeni. Kosa lilipogunduliwa, viti vilibidi kugawanywa upya.

Na liko tukio la huzuni zaidi. Tarehe 25 Februari 1991, wakati wa vita vya Ghuba, kombora liliangukia kambi ya askari wa Marekani huko Dhahran, Saudi Arabia, likaua watu 28. Mtambo wa kuzuia makombora ulikuwapo, lakini ulishindwa kulifuatilia. Mtambo huo ulihesabu wakati kwa sehemu za kumi za sekunde, na kompyuta, ambayo huhesabu kwa mbili badala ya kumi, haiwezi kuiandika 0.1 kwa ukamilifu; kwake haina mwisho, kama vile theluthi kwetu ni 0.333 isiyokoma. Kipande kilichokatwa kilikuwa kidogo kupita kiasi. Lakini mtambo ulikuwa umewashwa kwa muda wa saa 100 hivi mfululizo, na makosa yalikuwa yamelimbikizana yakafika takriban theluthi moja ya sekunde. Kwa kombora linalokwenda kwa kasi, muda huo ni zaidi ya nusu kilometa.

MAZOEZI YA JIONI

Kwa ajili ya wale watakaoketi na watoto wao leo, tunatoa maswali matano. Mtoto ajibu kwanza, mzazi asimharakishe, na kila jibu lielezwe sababu yake.

1. Ipi ni kubwa, 0.8 au 0.75?

2. Kadiria 6.049 hadi sehemu za kumi.

3. Mama ana lita 17 za mawese, na kila chupa huchukua lita 1.5. Atahitaji chupa ngapi ili asibakize kitu?

4. Lita 0.25 za maziwa ni mililita ngapi?

5. Mtoto anapaswa kunywa mililita 7.5 za dawa kwa siku, zikigawanywa sawasawa mara tatu. Kila mara atakunywa kiasi gani?

Majibu ni haya. La kwanza, 0.8, kwa kuwa sehemu nane za kumi zimezidi saba. La pili, 6.0, kwa kuwa tarakimu inayofuata ni 4, aliyejibu 6.1 amekadiria mara mbili. La tatu, chupa 12, kwa sababu 17 kugawanya kwa 1.5 ni 11 na kitu, na hicho kitu nacho chahitaji chupa. La nne, mililita 250. La tano, mililita 2.5, nasi tumekwisha kueleza jinsi ya kuziandika na kuzipima.

Ndugu wasomaji, mtoto anayekosea desimali si mpumbavu, wala asipigwe kwa ajili hiyo. Kosa lake lina sababu, na sababu hiyo huonekana mara tu anapoeleza alivyofikiri. Mpe utepe, mpe chupa ya lita moja, mpeleke sokoni asome mizani mwenyewe na kukokotoa bei kabla ya muuzaji hajatamka. Baada ya majuma machache ataijua nafasi ya kila tarakimu, nawe hutapunjwa tena, kwa kuwa utakuwa na karani wako pembeni.

Juma lijalo, tukijaliwa, ukurasa huu utaendelea na asilimia, na hasa riba ya mkopo, ambayo nayo huandikwa kwa nukta ndogo na kulipwa kwa fedha nyingi.